Mama Amekosea Samaki

Mimi wazo jipya likinijia kichwani situlii, na wiki ile sikutulia hata kidogo. Gazeti letu la mtandaoni, lenye ofisi ya vyumba viwili Nyegezi, lilikuwa limepata mdhamini: kiwanda cha mafuta ya alizeti. Sisi tuandike kuhusu samaki wa ziwa, nembo yao ikae juu. Nikamwambia mhariri kwamba watu wamechoka kusomeshwa, tuwachezeshe. Nikabuni makala ya picha: unamgusa samaki, unaandika jina lake, ukipatia unafunguliwa namna ya kumpika, kisha unakwenda kwa samaki mwingine. Mhariri alikubali kwa shingo upande. Ijumaa mdhamini angetazama kama wasomaji wanafika mwisho. Wasipofika, ukurasa unafutwa na mimi narudi kunakili matangazo ya mikutano.

Jumatano asubuhi tukaiweka hewani. Watu wakamiminika, nami nikaruka kwenye kiti kwa furaha! Halafu nikaona kituko: wengi walikuwa wanakwama kwa samaki wa kwanza, sangara, ambaye Mwanza nzima inamjua.

Nikiwa bado nakuna kichwa, mama akapiga simu kutoka Ilemela. Ameuza samaki mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha mzigo, tangu sijazaliwa.

"Shikamoo mama."

"Malahaba. Hivi hiki kitu chako kina akili? Nimeandika jina la samaki mala tatu, kinanijibu nimekosea. Mimi, nimekosea samaki!"

"Umeandikaje?"

"Sangala. Kwani anaitwaje?"

Nilicheka mpaka machozi, kisha nikaona aibu. Kwa sisi Wasukuma r ni mgeni, na hilo nilikuwa nalijua vizuri: darasa la tatu nilichekwa kwa kusema tunakwenda kupiga kula, nikajifunza kuikaza r hadi ulimi ukachoka. Leo nimemtegea mama yangu mtego uleule.

Mchana huohuo nikairekebisha makala ikubali sangara na sangala, nikaongeza swali: "Kwenu mnamwitaje?" Ee bwana wee! Wakerewe wakaandika, Wajita wakawabishia, Wajaluo na Wahaya wakaingilia. Watu walimaliza samaki wote na kurudi tena kubishana. Sikuweza hata kula.

Ijumaa akaja dada wa kiwandani. Akasoma majibu huku akitabasamu, mara akanyoosha kidole kwenye skrini. "Hii sangala si kosa? Nembo yetu iko juu yake."

Mhariri akanitazama. Nikajibu kabla yake.

"Si kosa, dada. Kwetu anaitwa sangala." Nikaitamka l ile waziwazi, mbele ya watu.

Akafikiri kidogo. "Basi mwacheni hivyohivyo. Tuendelee."

Nilitoka nje mbio nikampigia mama. Hata shikamoo nilisahau.

"Mama," nikamwambia, "umepatia."