Viganja vya Bwana Rüknettin

Unanisumbua niandike habari za Rüknettin, mstaafu wa kivuko cha İzmir, kana kwamba sina dengu za kuchagua. Haya.

Miaka arobaini kinyozi alimpaka marashi ya limau kila alipomnyoa, na mtaa mzima ukamjua kuwa ni mtu msafi. Siku ya kwenda kumposa Mualla, mjane wa ghorofa ya pili, akajiona mkubwa kuliko limau. Akajimwagia manukato mazito ya bei mbaya, yanayonuka kama zulia lililoungua.

Mualla akamkaribisha, akaja na chupa ya marashi ya limau ammiminie viganjani kama anavyofanyiwa kila mgeni. Rüknettin akaficha mikono mgongoni.

"Usinichanganyie harufu, Bi Mualla. Hii niliyopaka imetoka Paris."

"Basi kahawa nayo kainywe huko huko Paris, bwana," Mualla akasema, akafunga chupa. Kahawa haikuja, na Rüknettin akarudi nyumbani na posa yake.

Ijumaa iliyofuata alirudi akitokea kwa kinyozi, ananukia kama shati lililoanikwa juani. Hata viatu hajavua, viganja vyote viwili keshavitanguliza. Mualla akamimina mpaka marashi yakamchuruzika viwikoni.

"Kwa hiyo umenikubali?" Rüknettin akauliza.

"Sijakubali chochote. Nakuosha kwanza."

Lakini kahawa ilikuja. Nawe uliyenisumbua, usije kwangu mikono mitupu. Niletee chupa ya limau, tena ile kubwa.