Kava ya Tapeti Ndani ya Chumba cha Eda

Mume wangu alifariki mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nikakalia eda kwa mama mkwe wangu, Msambweni, katika chumba chenye dirisha moja. Dirisha hilo lilielekea uwanjani, na uwanjani palikuwa na gari la marehemu, stesheni wagoni ya dizeli iliyokuwa kuukuu tangu siku aliyoinunua. Nilivaa nyeupe, sikujipaka wanja wala manukato, sikutoka, wala sikuonekana na mwanamume asiye maharimu yangu. Wapo waliosema hata sauti yangu isisikike nje. Sikugombana na dini. Niligombana na lile dirisha, maana lilinionyesha kila kitu na halikuniruhusu kufanya chochote.

Gari lile ndilo lililotulisha. Asubuhi lilipeleka wafanyakazi wa mahoteli Galu, jioni likawarudisha, na kati ya hapo likabeba nazi, wagonjwa, maharusi, chochote kilichotaka kubebwa. Nyumba haikuwa yangu, na mtoto sikujaaliwa. Kama ningebaki na gari, ningetafuta dereva, nikapanga chumba, nikaishi Msambweni kama mtu mzima. Likiondoka, kaka zangu wangekuja kunirudisha kwetu Kinango, nikaanze tena kuwa dada wa watu na kushinda kwenye foleni ya maji. Nililiwaza jambo hilo mpaka kichwa kikawa kinaniuma kila alasiri.

Kabla ya msiba, gari lilikuwa limeanza kuvuja oili kwa juu, pale kifuniko cha injini kinapokalia, kile ambacho mafundi hukiita kava ya tapeti. Gasketi yake, ule ukanda unaoziba mwanya, ilikuwa imekauka. Oili iliteremka taratibu hadi kwenye ekzosi, bomba la moshi lenye moto, ikaungua, na ndani ya gari kukanuka kama sufuria ya vitunguu iliyosahauliwa jikoni. Mume wangu alinunua gasketi mpya ya koki, lile gome jepesi la vizibo vya chupa, akaitundika msumarini nyuma ya mlango wa chumba kilekile, kilichokuwa chetu, ili isipinde. Akaugua kabla hajaifunga.

Kaka yake, shemeji yangu, ndiye aliyelishika gari baada ya mazishi. Alijua vizuri kwamba mshika spana wa marehemu kila alipolitengeneza nilikuwa mimi. Alijua pia kwamba nilikuwa hatua chache kutoka pale alipoinama. Lakini mwenye eda haulizwi mambo ya injini, kwa hiyo hakuuliza. Akachukua tyubu ya tairi, akakata gasketi yake mwenyewe kwa mkasi, akaifunga na kukaza bolti kwa nguvu zake zote huku akiguna. Mimi dirishani nikauma pindo la leso. Mpira wa tyubu ukilowa oili huvimba ukasukumwa nje, na lile bati la kava halihitaji nguvu za kuangusha ng'ombe.

Baada ya siku chache moshi ukawa unatoka chini ya boneti kama pana mtu anachoma makuti. Shemeji akaja mpaka barazani, akaongea na mama yake kwa sauti ya kunifikia.

"Mama, mwambie shemeji injini imekufa. Ijumaa anakuja mtu wa vyuma vikuukuu kulichukua gari."

Nilitaka kulia, hasira ikanizuia. Nilikuwa nimezika mume, sasa nizikishwe hata injini iliyo hai!

Mama mkwe aliingia, akaketi mkekani na tasbihi yake. Nikamwambia, "Mama, ile injini haijafa. Inavuja tu."

"Mwanangu, hayo ni mambo ya wanaume."

"Mama, likiondoka lile gari, na mimi naondoka. Utabaki na nani humu ndani?"

Alimaliza tasbihi yake yote, bila haraka, nami nikawa natazama vidole vyake nikidhani nimemkosea adabu. Kisha akauliza, "Wataka nini?"

"Nataka kile kifuniko. Mimi ndiye nisiyetoka. Hakuna aliyesema chuma kisiingie."

Kesho yake, shemeji akiwa shughulini, mama akamwita fundi kutoka Ukunda, kijana wa bara.

"Sasa, mathe! Ni hii gari ndio inasumbua?"

"Mimi si mathe wako. Mtu mzima huamkiwa."

"Pole, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Fungua kifuniko hicho cha juu, unipe."

"Nikupe wewe? Utafanya nayo nini?"

"Nimesema unipe."

Mama akaniletea kava juu ya ungo, kama mtu aliyeleta mchele wa kuchambuliwa, oili ikimtiririkia mikononi. Nilifurahi kwa namna ambayo mjane haruhusiwi. Nilikwangua mabaki ya mpira na koki ya zamani kwa kisu cha jikoni, nikaosha kwa mafuta ya taa, nikapangusa. Kisha nikaona nililoliogopa: pale palipopita bolti, bati lilikuwa limebonyea. Gasketi yoyote ambayo ingewekwa hapo ingevuja. Nikakipindua kifuniko juu ya kibao cha chapati, nikagonga kingo kidogo kidogo kwa mchi mdogo wa kutwangia kitunguu thomu. Mama alisimama mlangoni akikohoa kwa nguvu kufunika kelele.

Nilihitaji kitu kilichonyooka nipimie. Chumbani mlikuwa na kioo kilichofunikwa kitambaa tangu siku ya msiba, maana mjane hajitazami. Nikakifunua, nikakilaza kitandani, nikaweka kava juu yake nione kama pana mwanga unaopenya chini. Kabla ya kuona mwanga nikauona uso wangu. Ulikuwa umekonda, na una doa la oili shavuni. Niliutazama zaidi ya ilivyonipasa, kisha nikaendelea kugonga mpaka kingo zikalala sawasawa.

Nikaitungua gasketi msumarini, nikaibandika kwenye kava kwa gamu kidogo ya yule fundi, mama akamrudishia kava, na maagizo yakatoka dirishani kwa kinywa cha mama.

"Asema upanguse vizuri hapo kinapokalia."

"Nimepangusa."

"Asema uanze bolti za katikati, uende nje, kidogo kidogo. Ukiona koki inachungulia, umezidisha."

"Mwambie huyo wa ndani nimesikia."

Fundi akawasha kwa ufunguo ambao shemeji aliuacha garini alipodai injini imekufa. Injini ikanguruma mpaka ikapata moto, nami nikasikiliza nimefumba macho. Hapakuwa na harufu. Fundi akapita na kitambaa cheupe pembeni mwa kava, akakiinua kuelekea dirishani, nacho kilikuwa cheupe vilevile.

Shemeji aliporudi akalikuta zima. Akalizunguka, akashukuru Mungu, akasema analijaribu mpaka Diani. Jioni alirudi amepakia watu. Mtu wa vyuma alipokuja Ijumaa alifukuzwa, na tangu hapo gari likawa linaondoka alfajiri na kurudi magharibi, shemeji usukanini. Kazi ya mikono yangu ndiyo iliyompa. Kila lilipopita nililisikia jinsi lilivyo na afya, nikalichukia.

Siku niliyotoka eda nilioga, nikafukizwa udi, nikavaa leso ya rangi. Shemeji alifika asubuhi hiyo, akaacha mlango wa gari wazi, akaingia na ufunguo mkononi kumwamkia mama. Nikafungua boneti, nikapitisha kidole kuzunguka kava yote. Kidole kilitoka kikavu. Nikapanda kiti cha dereva, nikafunga milango yote kwa ndani na kupandisha vioo. Vitasa vya nje vilikuwa vimekufa zamani. Ufunguo ule uliwasha injini tu, haukufungua mlango. Kuendesha sikujua.

Shemeji akaja akagonga kioo. "Shemeji, fungua, watu wananingoja."

"Nipe ufunguo."

"Utaendesha wewe?"

"Nitatafuta dereva."

Akacheka. Jua lilikuwa limeshaanza kuchoma bati, jasho likinitiririka mgongoni. "Humo utaiva," akasema. "Adhuhuri haitakukuta."

"Shemeji," nikamwambia kupitia kioo, "kukaa ndani ndiko mlikonifundisha. Wewe tafuta kivuli huko nje."