Siku Bibi Hakujibu Uchokozi

Iko siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo huinamisha kichwa. Nakuhadithia kwa kuwa umeniambia unakwenda kusomea uuguzi.

Miaka hiyo ya hamsini tulikaa mtaa wa Ngamiani, nyumba moja na wajane wawili wa marehemu babu yangu: Bibi Mwanasha, aliyenilea, na mke mwenzake, Bi Zaina. Wawili hao walitupiana maneno kutwa. Bi Zaina akisema wali umeungua, bibi humjibu kuwa pua yake ndiyo iliyoungua. Tuliyazoea, hata tukayapenda.

Asubuhi moja Bi Zaina alimchokoza kama kawaida yake, bibi akanyamaza. Akamchokoza tena, kimya. Bi Zaina akatwaa buibui lake. "Twendeni zahanati," akasema. "Mke mwenzangu si mzima."

Zahanati ilikuwa imejaa. Aliyepokea wagonjwa, dresa kama tulivyowaita zama hizo, alikuwa kijana mpole ambaye kazi ilimzidi. Mbele yetu mkata mkonge aliyejikata mguu alikuwa akipiga kelele.

"Shikamoo, bibi. Hujambo?" dresa akamwamkia bibi yangu.

"Marahaba, baba. Sijambo, alhamdulillahi. Mtazame huyo kwanza, anaumia."

Dresa akamgusa bibi paji la uso, hakuona joto. "Huu ni uzee tu," akasema, akatuambia tungoje zamu yetu.

"Si uzee, mwanangu," Bi Zaina akamwambia. "Leo nimemtukana mara mbili, hajanirudishia!"

Watu wote wakaangua kicheko. Nami nilicheka. Nilikuwa msichana mkubwa, nimesoma kidogo, nikamwonea haya Bi Zaina mbele za watu. Na nilijua kuwa bibi hajagusa uji tangu jana, tena ameniita kwa jina la mama yangu. Nikayameza hayo. Bibi yako akishasema hajambo, utamkanusha kwa adabu gani?

Mkata mkonge alifungwa kidonda, akaondoka akichechemea. Wazee walisema mwenye kelele hana neno. Ilipofika zamu yetu, bibi alikuwa ameegemea bega la Bi Zaina, na roho imekwisha kutoka. Baadaye tuliambiwa ni mapafu, na kwamba mtu mzima sana aweza kuugua hivyo mwili usipate joto.

Bi Zaina hakulia. Alikishika kichwa cha mwenzake, akamwambia yule dresa taratibu, "Mzee usimuulize hali, atakwambia hajambo. Muulize anayeishi naye, jana alifanya nini ambacho leo hawezi." Kijana akajifuta macho. Kisha Bi Zaina akanigeukia mimi. "Na wewe ulikuwa unacheka."

Hakulirudia neno hilo maishani mwake, na mara moja ilinitosha. Nyumba yetu ikapata amani ambayo hakuna aliyeitaka. Nililia miezi, mwanangu, na majuto hayakunirudishia mtu.

Basi sikiliza. Utakaposimama mlangoni pa hospitali, anayelia mhudumie, lakini jicho lako limtafute mzee aliyekaa kimya. Msemaji aliyenyamaza ghafla, mlaji aliyekiacha chakula, anayechanganya majina ya wanawe, aliyeanguka naye hakuwa mtu wa kuanguka: huyo usimpange nyuma, hata akikusihi mwenyewe. Usiseme ni uzee, kwa maana uzee hauingii kwa asubuhi moja. Aliyemleta msikilize hadi mwisho, hata maneno yake yakichekesha watu. Na akija peke yake, uliza mpaka ujue anaishi vipi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini sisi wazee hatufichi kwa ujinga. Tunaona haya kuwasumbua, ndivyo tulivyolelewa. Siku mtakaponileta mimi nitasema sijambo. Usinisadiki.

Mola akupe subira ya kuuliza, mwanangu, na ukizeeka akujaalie mtu wa karibu atakayekutazama usoni na kujua kwamba leo huko sawa. Amina.