Mtoto Aliyecheka Mapema

Jana pale sokoni Kalerwe lori la ng'ombe lilisimama karibu na meza yangu ya nyanya. Harufu ya mavi mabichi ikanirudisha kwenye kambi ya polisi tulikoishi nikiwa mdogo, chumba chetu cha mabati. Wateja waliniita, mimi siko.

Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu. Kwetu mtoto hapewi jina mpaka kitovu kianguke, na bibi hakuwa mtu wa kungoja. Alikipaka mavi ya ng'ombe na majivu kikauke haraka. Hata mimi nilipakwa hivyo, na bado niko hapa nauza nyanya.

Asubuhi moja mtoto akakataa ziwa. Mdomo ulikuwa umefungana, umevutika pembeni.

"Mama, anakuchekea," nikasema.

"Wa umri huu hacheki," mama akajibu. Akamgeukia bibi. "Mama, anamchekea nani?"

Bibi akatazama ukutani, pale mtoto alipokuwa anatazama.

Kila filimbi ya gwaride ilipolia, mtoto alijipinda mgongo kama upinde, na kicheko kikazidi. Siku hizi wauguzi wanakuchoma sindano ukiwa na mimba. Wanasema kicheko kile ni pepopunda, inaingia kwa kitovu. Sisi tulizima redio tu, na majirani wakapita mlangoni bila viatu.

Mchana filimbi ikalia tena. Mtoto hakushtuka.

"Umeona?" mama akaninong'oneza, amefurahi. "Sasa ameizoea."

Bibi akanyoosha mikono amchukue. Mama akamwambia angoje kidogo, asimwamshe.