Cherehani ya Clémentine na Joule Mia Nne na Hamsini

Kitu kizito hakikai juu ya kichwa cha mtu. Hiyo ndiyo kanuni ambayo Athanase Mbuyamba, mwalimu wa fizikia huko Panda, mtaa wa mji wa Likasi, aliishika darasani na nyumbani. Kila mwaka aliwaonyesha wanafunzi sababu yake: aliweka tofali juu ya kabati, akaliachia lianguke juu ya kibuyu kikavu. Likiwa juu, alisema, tofali limetulia, lakini nishati imo ndani yake, inangoja. Likianguka, nishati ileile inageuka kuwa mwendo. Nyumbani, mkewe Clémentine hakuruhusiwa kuweka hata pasi ya mkaa kwenye rafu.

Mwaka 1993 watu wa asili ya Kasai walipokuwa wakifukuzwa Katanga, familia hiyo ilijikuta kwenye kituo cha treni cha Likasi pamoja na maelfu ya wengine. Kila honi ilipolia upande wa Shituru, watu walifunga mizigo. Honi ikinyamaza, waliifungua tena kutafuta sufuria. Athanase hakuweza kuketi. Alitembea kandokando ya reli, akarudi, akahesabu watoto, akaondoka tena.

Clémentine yeye alikaa karibu na cherehani yake. Mishahara ya walimu ilikuwa imekatika, na ni cherehani hiyo iliyowalisha wote. Ilikuwa ya miguu ya chuma, na skrubu zake zilikuwa zimeshikana kwa kutu, haiwezekani kuitenganisha.

Asubuhi moja treni ikaja, ya mabehewa ya mizigo. Ndani watu walifunga miti kutoka ukuta hadi ukuta, wakaweka mizigo juu na wao wakabanana chini. Sakafuni hapakubaki nafasi hata ya ndoo.

"Baba Reine, kuya tupandishe mashini!" Clémentine aliita.

Athanase alitazama miti ile, kisha akamtazama binti yake Reine na wadogo zake walioketi chini ya miti hiyo.

"Kilo makumi tatu," alisema. "Kutoka ku miti mpaka ku kichwa ya mutoto, metre moja na nusu. Zidisha na kumi ya gravité: joules mia ine na makumi tano. Itafika na mbio ya metre tano na nusu ku seconde. Haitapanda."

Seremala Étienne, aliyekuwa ameketi chini ya jiliwa lake la chuma, chombo kizito cha kubania mbao, aliangua kicheko. "Monsieur, train haiko interro ya ku masomo! Pandisha mashini, correction utafanya kule mbele!"

Behewa zima likacheka. Clémentine hakucheka.

"Ile mashini njo inatukulishaka. Weye, craie yako ya kuandika ku ubao ilitukulisha siku gani?"

"Miye najua."

"Basi pandisha."

"Hapana, mama Reine. Ikianguka, haitauliza kama tulikuwa na njala."

Honi ililia. Athanase akaikabidhi cherehani kwa Berthe, jirani aliyekuja kuwaaga, akaruka ndani treni ikiwa imeshaanza kusogea. Njia nzima, kila behewa liliposhtuka, alisimama kutazama juu. Clémentine alitazama mlango.

Hakuna kilichoanguka. Jiliwa la Étienne lilifika salama, na mwenyewe alilipitisha mbele ya Athanase huku akipiga mluzi.

Wengi wamesema tangu hapo kwamba mwalimu alikosea. Si kweli. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na baba hawaketishi watoto wake chini ya chuma kwa kutumaini kwamba pengine kamba itashika. Bahati ya Étienne haibadilishi jambo hilo.

Lakini aliyelipia kanuni hiyo ni Clémentine. Huko Mwene-Ditu, mji wa Kasai waliposhukia, alishona viraka kwa sindano ya mkono, na kazi hiyo haikutosha kulisha watu watano. Cherehani haikurudi. Reine, binti wa mwalimu, aliacha shule akauze mihogo barabarani, na hakurudi darasani tena.