Ua la Nane

Hadi leo nikisikia harufu ya kitambaa kipya kikipigwa pasi ya mkaa, ile harufu ya wanga iliyochanganyika na moshi kidogo, namwona mama yangu ameinamia cherehani barazani kwa Mama Nila, mjini Arusha. Alikuwa anashona sare za shule. Sisi tulikuwa Wachaga wa Kibosho tuliohamia Kimandolu, Wakatoliki wa kusali rozari kila jioni. Mama Nila alikuwa Mhindu, mjane mwenye duka la vitambaa, mzaliwa wa Arusha hii hii, na Kiswahili chake alikiongea kwa kukikatakata kama anapima kanga.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia bidhaa za nje. Kabla ya hapo mama alikuwa akifumua sweta kuukuu ili apate uzi wa kutarizi. Halafu maduka yakajaa. Kwa Mama Nila zikaja nyuzi za rangi ambazo hata majina yake hatukuwa nayo, na mama akazitazama kama mtu aliyefunga Kwaresima miaka kumi mfululizo akaonyeshwa sinia la pilau.

Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kufungua duka, Mama Nila alichuchumaa kizingitini akachora maua kwa unga wa rangi, akiuacha utiririke kati ya vidole, bila rula wala penseli. Rangoli, ndivyo alivyoyaita. Kufikia saa sita wateja walikuwa wameshayakanyaga yote, na yeye wala hakusikitika. Mama alikuwa akiwahi makusudi ili ayaone yakiwa mazima, na kuyanakili kwenye karatasi ya kufungia sukari. Siku moja nilimwuliza kama hiyo si dhambi.

"Kizuri hakiulizwi kimebatizwa wapi," akanijibu, sindano ameibana mdomoni.

Mwaka ule parokia ilimwomba atarizi kitambaa cha altare kwa sikukuu ya mtakatifu somo wetu. Akachagua yungiyungi, ua la majini alilolichora Mama Nila: maua manane, manne kila upande wa msalaba. Alimaliza saba. Masika yalipoanza aliugua homa siku nne tu, akafa.

Sikulia. Nilikuwa na miaka tisa na nilijua natakiwa kulia, maana kila mtu alikuwa ananichungulia usoni. Kule Kibosho, wakati jeneza linashushwa, nilikuwa nahesabu mikungu kwenye migomba. Nilipewa nyama nikala, nikaona haina chumvi. Wenzangu wakasema imezidi. Nikamsikia shangazi akinong'ona, "Huyu mtoto ana moyo wa jiwe," nami nikakubaliana naye. Nilijipapasa kifuani nikakuta pamenyamaza, kama nyumba ambayo wenyewe wamesafiri.

Tuliporudi Kimandolu, Mama Felista, mwenyekiti wa jumuiya yetu, alikuja kuchukua kile kitambaa. Nikamwamkia shikamoo, nikamletea. Alikikunjua kwenye kochi, akamgeukia baba.

"Baba Adelina, marehemu alikuwa na mikono ya dhahabu, sibishi. Lakini haya maua ni ya miungu ya Wahindi. Nimeyaona kwenye kalenda zao, mungu amekaa juu yake. Haya hayapandi altareni."

"Ni kazi yake ya mwisho, mama," baba alisema.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, sikumtuma mtu."

Baba hakuwa mtu wa mabishano. Alikikunja kitambaa, akanishika mkono, tukaenda wote watatu kwa paroko. Paroko alikuwa mzee wa Kichaga, mrefu, macho yameanza kumsaliti. Alikisogeza kile kitambaa karibu na dirisha, akakipitishia vidole pole pole, ua moja moja. Akataka kujua mama aliyapata wapi. Baba alinitazama, nami nikaeleza habari za unga, kizingiti, na wateja kukanyaga.

"Kwa hiyo anachora ili yakanyagwe?" paroko akauliza.

"Ndiyo, Padre. Anasema ni ya kumkaribisha Mungu dukani."

Akacheka kidogo. "Mama Felista, siku ya Ekaristi nani anawapanga watoto wamwage maua njiani?"

"Ni mimi, Padre."

"Na yale maua yanaishia wapi?"

Mama Felista akakitazama kitambaa. "Tunayakanyaga," akasema.

"Basi. Huyo mama wa duka anajua jambo ambalo sisi tunalijua. Mimi hapa naona kazi ya mtu aliyekuwa anasali. Limaliziwe hili moja lililobaki, kitatandikwa."

Nilisimama pale nikisikia kwamba mama ameshinda, na sikuhisi kitu chochote. Nilikuwa nikiangalia kamba za viatu vya paroko, moja nyeusi, nyingine ya kahawia.

Wa kumalizia ua lile alikuwa mmoja tu. Mama Nila alikipokea kitambaa kwa mikono miwili, akakigusisha kwenye paji la uso wake. "Wewe toka shule, kuja hapa," akaniambia. "Kaa, ona mimi nafanya nini. Mama yako najua kila kitu, wewe najua bado."

Basi kila siku saa tisa nilikuwa pale. Alinipa chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki, akashona, nikatazama. Hatukuongea sana. Mara nyingine alinionyesha kidole sehemu ambayo mama alipenda kukaza uzi. Jambo moja lilinishangaza: petali niliyoiona jana, leo haipo. Nikajua kwamba Mama Nila, pamoja na duka lake lote la nyuzi, hajui kushona vizuri, anakosea na kufumua. Nilimwonea huruma, na kwa adabu sikusema. Zikapita wiki sita. Katikati yake nilianza kusikia utamu wa ile chai. Ua likaisha siku mbili kabla ya sikukuu.

Siku yenyewe alikuja kanisani amevaa sari nyeupe. Akavua viatu mlangoni, kama afanyavyo hekaluni kwao, akaketi benchi la mwisho. Mama Felista alimfuata, akainama. "Vaa viatu, mama, sakafu ina baridi."

"Nyumba ya Mungu hii," Mama Nila akamjibu.

Mama Felista akainuka. Akarudi mlangoni, akaviokota vile viatu, akaja kuketi karibu naye amevipakata mapajani misa nzima, maana watoto wa mjini walikuwa hawaogopi kuiba hata kanisani. Altareni kitambaa kilikuwa kimetandazwa, maua manane. Nilijaribu kulitambua la Mama Nila nikashindwa. Bado sikulia.

Mimi nami nimekuwa fundi. Mwaka juzi dada mmoja wa parokia yetu aliniomba kitambaa kama kile, na nikaanza na yungiyungi moja, kwa mshono ule ule. Nilikaa baada ya chakula cha mchana. Jua lilipotua na Mlima Meru kubaki kivuli, ua lilikuwa limekwisha. Alasiri moja tu, na mimi si mwepesi.

Nikalitazama kwa muda mrefu. Mwanamke aliyekuwa akichora mayungiyungi kizingitini kwa unga hawezi kukosea petali moja mara thelathini. Alikuwa akinisubiri niondoke, anafumua, ili kesho yake saa tisa niwe na pa kwenda.

Mama Nila alikuwa ameshafariki zamani, sikuwa na wa kumwambia. Nikaweka sindano chini, nikalia. Nikawalilia wote wawili kwa mkupuo mmoja.