Namba Wani wa Landover

Nakumbuka Jumamosi moja ya miaka ya elfu mbili, tukiishi Landover, Maryland, ubao wa pasi wa mama yangu ulipogeuka uwanja wa mbio. Mwanangu, hebu kaa nikusimulie. Nimesikia mwalimu amekuambia uchukue lile darasa la juu, lile ambalo ukifaulu mtihani wake chuo kikuu hukuhesabia kama somo ulilosomea kwao, nawe unasitasita. Hata mimi nilisitasita.

Kisa kilikuwa baba yangu. Alihama Kisii na masanduku mawili na swali moja: "Umekuwa namba ngapi?" Walimu wa Maryland hawana desturi ya kutangaza namba, lakini baba aliwabana mpaka wamtajie. Nilikuwa wa kwanza, na habari ilifika Kisii kwa simu kabla sisi hatujafika nyumbani. Basi mwalimu wa fizikia aliponiita darasa la juu, niliwaza jambo moja tu: kule kuna watoto wakali, na namba wani yangu itapotea.

Mwalimu akasema nikae nao kipindi kimoja, nione. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Siku hiyo walikuwa na ubao ulioinamishwa na makopo mawili ya maharagwe, moja limejaa, jingine tupu. Yakiachiliwa pamoja, lipi litafika chini kwanza? Nikasema tupu, maana ni jepesi. Lililojaa likashinda. Mwanangu, darasa lilichangamka, huyu anabisha, yule anachora, mwingine keshapanda kiti. Nami niliyekosea mbele ya watu, moyo ulinidunda kwa furaha. Sikuwahi kufurahi vile shuleni.

Kesho yake, ndiyo Jumamosi hiyo, niliegemeza ubao wa pasi kwenye kochi nikamwonyesha nyanya, mama yake baba, aliyekuwa amekuja kututembelea. Naye alichagua tupu. Lililojaa likashinda tena, likabingirika hadi miguuni pa baba aliyekuwa akiingia. Nyanya akapiga makofi.

"Rudia," akasema. Nikarudia. "Sasa ni kwa nini?"

"Sijui, Nyanya. Hiyo ndio wataexplain kwa ile class ya juu."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Nitabaki kwa hii yetu. Huku niko namba wani."

Nyanya akaniuliza: "Kemunto, mara ya mwisho swali kukushinda shuleni ilikuwa lini?"

"Haijawahi."

"Basi kwa hilo darasa lenu unaenda kufanya nini?" Kisha akamgeukia baba. "Na wewe, ukishaambiwa namba, uwe unauliza pia amejifunza nini."

 Baba aliokota kopo, akaliweka juu ya ubao, akaliachilia mwenyewe. Jumatatu nikajiandikisha.

Usidhani mambo yalininyookea. Muhula wa kwanza nilipata C, ya kwanza maishani mwangu. Tulikuwa tukienda ibada Bowie, mji wa jirani, baba akiendesha gari, nami natamani kushuka. Halafu akauliza polepole, kama mtu anayejaribu viatu vipya: "Na umejifunza nini?" Nikaanza kumweleza habari ya makopo, kwamba lile tupu uzito wake wote uko ukingoni, kwa hiyo ni gumu zaidi kulizungusha, na ibada ilianza sisi bado tumo garini. Mtihani wa mwisho nilifaulu, na nilipoingia chuo kikuu pale College Park somo hilo lilikuwa limeshahesabiwa.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, mwanangu. Usilichukue darasa lile ili nikusifu, wala usilikimbie ili ubaki wa kwanza. Nenda ukakae nao siku moja. Ukitoka na swali linalokuwasha, lichukue. Ukitoka na usingizi tu, liache, wala sitakulaumu.

Mungu akufungulie akili, akupe maswali makubwa kuliko majibu yako, na siku swali litakapokushinda, akurudishe nyumbani mbio uje utuambie. Ubao wa pasi upo.